Mabaka meusi ya anga ya Songea na jiwe la Ivuna

Mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekwisha na moshi wa kuchoma mashamba haujashamiri, anga ya Songea huwa safi sana. Toka nje ya taa za mji, uelekee Peramiho au Namtumbo, kisha utazame juu mnamo saa nne au saa tano usiku. Ule ukanda wa nyota uitwao Njia Nyeupe hupita juu kabisa. Wengi wetu hutazama weupe wake. Naomba safari hii uyatazame mabaka meusi yaliyoupasua katikati, maana yana habari kubwa kuliko weupe wenyewe.

Mabaka hayo ni mawingu ya gesi na vumbi, mapana kiasi cha kuziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Mengi ya namna hiyo ndimo nyota zinamozaliwa. Kwa uzito, karibu robo tatu ya gesi hiyo ni haidrojeni na sehemu kubwa ya iliyobaki ni heliamu. Vumbi ni kama asilimia moja tu. Hewa tunayovuta ina molekuli mabilioni ya mabilioni katika kila sentimita moja ya ujazo, ilhali wingu la angani laweza kuwa na mamia au maelfu tu. Lakini ukubwa wake haupimiki kwa kilomita: mwanga wenyewe huchukua miaka mingi kulivuka.

Kinacholifanya wingu lizae ni baridi. Gesi yenye joto husukuma nje, na uvutano wa wingu lenyewe huvuta ndani. Ndani ya mawingu hayo baridi hufika nyuzi 260 chini ya sifuri, msukumo hudhoofika, na pale palipo na gesi nzito kidogo uvutano hushinda. Sehemu hiyo huanza kujiporomokea. Kadiri inavyobanwa ndivyo kitovu chake kinavyopata joto, hadi kufikia nyuzi milioni kumi hivi. Hapo viini vya haidrojeni huungana kuwa heliamu na kutoa nishati, na nyota huanza kuwaka kwa nguvu zake yenyewe. Kwa nyota yenye ukubwa wa Jua, kazi hiyo yote huchukua miaka milioni 50 hivi.

Gesi yote haiangukii kitovuni. Wingu huzunguka polepole, na likijikunja huongeza kasi, kwa hiyo sehemu ya gesi na vumbi hubaki nje ikizunguka katika umbo la sahani pana. Sayari hutoka humo. Chembe za vumbi hugongana na kushikana, kama uchafu unavyojiviringa wenyewe chini ya kitanda kisichofagiliwa, zikawa kokoto, kisha miamba, kisha miili mikubwa yenye uvutano wake. Karibu na nyota joto huacha mawe na chuma tu, na ndiyo maana Dunia na Mirihi ni sayari za miamba. Mbali zaidi barafu hudumu, na huko Mshtarii na Zohali zilipata mwili mkubwa mapema, zikavuta gesi nyingi kabla haijapeperushwa.

Haya yameonekana. Mwaka 2014 darubini za ALMA nchini Chile zilipiga picha ya sahani inayoizunguka nyota changa ya HL Tauri, ikiwa na pete na mianya dhahiri. Julai 2023 ikatolewa picha ya darubini ya James Webb yenye nyota changa zipatazo 50 katika wingu la Rho Ophiuchi, lililo umbali wa miakanuru 400 hivi. Wingu hilo liko karibu na Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, ambayo usiku wa Julai husimama juu sana hapa Songea.

Ushahidi wa wingu lililotuzaa sisi, hata hivyo, ulianguka nchini mwetu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, ambako leo ni mkoa wa Songwe. Kiliokotwa kiasi cha gramu 705 tu. Kimondo cha Mbozi, kile bonge la chuma la tani nyingi pale Ndolezi, ndicho kinachopigwa picha na wageni; cha Ivuna hatukitaji, na naona hilo ni hasara kwetu. Chuma cha Mbozi kilikwisha kuyeyuka ndani ya mwili fulani wa angani. Jiwe la Ivuna halikuyeyuka kamwe. Ukiacha gesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wake unakaribiana mno na ule wa Jua, na wanasayansi hupimia vimondo vingine kwa kundi lake, CI, ambalo herufi yake ya pili ni ya Ivuna. Jiwe hilo lina maji yaliyofungwa katika madini ya udongo, asidi amino, na chembe ndogo mno zilizotangulia kuwapo kabla ya Jua, ambalo lina miaka bilioni 4.6. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu mwaka 2020, zilikutwa zinafanana na vimondo vya kundi hilo.

Wingu lililotuzaa lilibeba pia mabaki ya nyota zilizolipuka zamani. Chuma cha damu, kile ambacho mjamzito huongezewa kwa vidonge kliniki, kilitengenezwa katika nyota hizo. Urani iliyo katika miamba ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ilihitaji matukio makali zaidi, kama nyota za nutroni kugongana. Urani 238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.5, hivyo karibu nusu ya ile iliyokuwapo Dunia ilipoumbika ingali ipo. Ikioza pamoja na thoriamu na potasiamu, hutoa takriban nusu ya joto linalotoka tumboni mwa Dunia. Joto la ndani ya Dunia ndilo linalosukuma mabara, na Bonde la Ufa lililoshika Ziwa Nyasa, hapo Mbamba Bay, linaendelea kupanuka kwa milimita chache kila mwaka.