Pesa Imeenda ama Haijaenda? Vile Simu Yako Hubonga na Seva Ukiwa Kililana

Cheki hii. Uko Kililana, upande wa bara wa Lamu, pale bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021. Umenunua changu wa ngiri moja na nusu kwa mzee mvuvi. Unapiga *334#, unaweka namba yake, kiasi, PIN, unatuma. Skrini inafikiria, inafikiria... halafu mtandao unapotea. Mzee anacheki simu yake. "Bado haijaingia, mwanangu." Boti inakungoja. Utatuma tena?

Tulia kwanza.

Hiyo simu yako haijui kitu kuhusu doh yako. Kwa hii stori yeye ni mteja tu: anaomba, anangoja, anaonyesha jibu. Hata ile menyu unaona haitoki kwa simu. Inatoka kwa programu nyingine mbali huko, inaitwa seva, ambayo imekaa macho saa zote ikingoja watu wapige. Leja iko kwa seva. Wewe mkononi una dirisha tu. Na kabla ya 2015, seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani! Yaani ulikuwa unalipia samaki Lamu na hesabu inafanywa Ulaya, ndio zikaletwa Kenya.

Sasa shida ni hii. Hizo programu mbili hazina kichwa kimoja, zinatumiana ujumbe tu. Kwa hivyo kimya kinaweza kumaanisha ombi lako lilipotea njiani kabla lifike. Ama limefika na seva bado inajikokota. Ama, na hii ndio noma, seva ilishakata pesa ikamwekea mzee, lakini jibu likapotea likirudi kwako. Ukiwa hapo ufuoni zote tatu zinafanana kabisa. Hakuna simu ya bei gani itakwambia tofauti.

Ukipiga tena *334#, umefungua kikao kipya na ombi jipya. Seva si mjinga, lakini itajuaje hukutaka changu wawili? Inaweza kukata tena. Wasee wa kuunda apu hukwepa hii kwa kupea kila ombi namba yake ya kipekee: likirudi na namba ile ile, seva hairudii kazi, inakutumia tu jibu la kwanza. Lakini wewe ukianza upya kwa vidole, ombi linaingia na namba mpya.

Poa ni kwamba SMS ya kuthibitisha haitegemei kile kikao kilichokatika. Simu ikiwa nje ya mtandao, ujumbe unahifadhiwa, unakuja ukirudi hewani. Kwa hivyo sogea mahali mtandao unashika, ngoja, uliza salio. Ukipata SMS yenye ile kodi ya herufi na namba kumi, imeenda. Kama ulishatuma mara mbili, tuma SMS ya ile ya pili kwa 456 haraka, kabla pesa itolewe. Ama ongea na mzee vizuri, akuongeze samaki.

Na SMS yako ikiingia kabla ya yake, usikasirike akikataa kukupa changu. SMS feki ni mob, na yeye pia ana simu inayongoja jibu kutoka kwa seva ile ile.