Daraja, ulalo na kivuko: msamiati wa kuvuka katika michezo ya mikakati

Katika michezo ya video ya mikakati, mto uliochorwa kwenye ramani ni sehemu ya kanuni za mchezo. Hugawa uwanja pande mbili, huchelewesha jeshi, hulinda mji ulio dhaifu, na humlazimisha mchezaji kuamua kama atavuka, mahali gani, na kwa gharama gani. Michezo mingi ya aina hii humpa daraja liwe jibu. Hata hivyo, madaraja hayo hayafanani. Moja hupatikana kwa elimu, jingine huwa ni kikosi cha askari, jingine hukarabatiwa baada ya kulipuliwa, na jingine hujengwa kipande kwa kipande. Mfasiri anayeandika "jenga daraja" kila mahali humpa mchezaji amri moja kwa kanuni nne zilizo mbali mbali, na mchezaji huyo hugundua kosa wakati jeshi lake limekwisha kukwama ukingoni. Makala haya yanaeleza kanuni hizo, kisha yanaonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuzitenga kwa maneno na minyambuliko yake.

Kidahizo na jamaa zake

*Daraja* (ngeli ya LI-YA, wingi *madaraja*) ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo lina maana ya kipandio cha ngazi, na kwa kupanuka, kiwango au cheo. Kitu cha kuvukia maji huitwa kwa neno jingine. Kiswahili kimelichukua neno na kulipa kazi zote mbili: Daraja la Kigamboni huvukiwa, na timu ya mpira iliyofanya vibaya "hushuka daraja". Maana zote mbili kwa kawaida hufuata upatanisho uleule, kwa hiyo sarufi haimsaidii msomaji kuzitenganisha. Muktadha pekee ndio unaoamua.

*Ulalo* ni gogo au miti iliyolazwa juu ya kijito ili watu wapite. Neno limetokana na kitenzi *lala*, na linabeba wazo la kitu cha haraka na cha muda, kisicho na nguzo wala kingo.

*Kivuko* (ngeli ya KI-VI) ni mahali pa kuvukia. Huweza kuwa sehemu ya mto yenye kina kifupi, na huweza kuwa kituo cha chombo cha kuvusha watu. Tanzania neno hili limepanuka zaidi likawa jina la chombo chenyewe, kile ambacho wakazi wa Dar es Salaam hukiita pia pantoni.

Juu ya nomino hizi kuna kitenzi *vuka* na minyambuliko yake miwili ambayo ina kazi kubwa katika mjadala huu. *Vusha*, katika kauli ya kutendesha, ni kumfanya mwingine avuke. *Vukika*, katika kauli ya kutendeka, huonyesha uwezekano: mto *unavukika* au *hauvukiki*. Kanuni zote za madaraja katika michezo ya mikakati zinaweza kutazamwa kuwa ni majibu ya swali moja: ni nini kinachougeuza mto usiovukika kuwa mto unaovukika?

Mto usio na daraja

Ipo michezo ambayo haijibu swali hilo kwa daraja hata kidogo. Sataranji ya Kichina, iitwayo xiangqi, ina mto katikati ya ubao. Kete ya tembo hairuhusiwi kuuvuka kabisa, ilhali askari wa kawaida akishauvuka huongezewa uwezo: kabla ya hapo alikuwa akienda mbele tu, sasa anaweza kwenda na pembeni. Mto huu haujengewi kitu. Kinachotofautiana ni nani anayeruhusiwa kuuvuka na nini kinambadilikia akishavuka.

Katika *Age of Empires II* (1999), mchezo wa kompyuta unaochezwa bila kusubiriana zamu, mchezaji hajengi daraja katika mchezo wa kawaida. Jeshi lake huvuka penye maji ya kina kifupi, au hupakiwa katika merikebu iliyoundwa bandarini. Hapa neno *kivuko* humtega mfasiri, kwa kuwa linafaa kwa njia zote mbili. Sentensi "Linda kivuko" haielezi kama mchezaji apeleke mikuki kwenye maji mafupi au manowari baharini. Ni bora *kivuko* kibaki kuwa mahali, na chombo kiitwe *merikebu ya kuvushia*.

Kanuni nne za daraja

*Ya kwanza: daraja kama elimu.* Katika *Civilization* ya mwaka 1991, mchezo wa zamu uliobuniwa na Sid Meier, ujenzi wa madaraja ni miongoni mwa fani ambazo taifa huzigundua. Kabla ya kuigundua, walowezi wa mchezaji hawawezi kupitisha barabara katika mraba wa mto. Baada ya hapo wanaweza kufanya hivyo popote. *Civilization V* (2010) iliendeleza wazo hilo kwa ukali zaidi. Kikosi kinachovuka mto hupoteza mwendo wote kilichobakiwa nao katika zamu hiyo, isipokuwa pana barabara na taifa limekwisha kujua uhandisi. Katika kanuni hii hakuna anayeonekana akibeba mawe. Gharama imelipwa mapema, katika miaka ya utafiti ambayo ingeweza kutumiwa kutafuta fani nyingine. Kauli inayofaa ni ya kutendeka: "Baada ya ugunduzi huu, mito *inavukika* kwa barabara." Kumwandikia mchezaji "Sasa unaweza kujenga daraja" ni kumtuma atafute kitufe ambacho hakipo.

*Ya pili: daraja kama kikosi.* *Panzer General* (1994) na *Panzer Corps* (2011) ni michezo ya Vita vya Pili vya Dunia inayochezwa kwa zamu, juu ya ramani iliyogawanywa katika pembesita. Miongoni mwa vikosi vyake wamo wahandisi wa madaraja. Kikosi chao kikisimama juu ya pembesita ya mto, vikosi vingine vya upande wao hupita hapo kana kwamba pana daraja. Kikiondoka, njia huondoka nacho. Kikiangamizwa, wenzao waliokwisha kuvuka hubaki ng'ambo bila njia ya kurudi. Hapa hakuna kitu kilichojengwa kikabaki. Kuna watu wanaowavusha wenzao kwa muda. Kitenzi sahihi ni *vusha*, na kama nomino inahitajika, *ulalo* ni neno la karibu zaidi kuliko *daraja*: "Kikosi hiki *huweka ulalo* na *kuvusha* vikosi vya upande wako." Msomaji wa sentensi hiyo huelewa mara moja kwamba kitu hicho ni cha muda na kwamba adui hakitumii.

*Ya tatu: daraja linalovunjwa na kurejeshwa.* Katika *Command & Conquer: Red Alert 2* (2000) madaraja huwa yapo tangu mwanzo wa pambano. Mchezaji anaweza kuyalipua ili kumkatia adui njia. Daraja lililoanguka hurejea pale mhandisi anapoingia katika kibanda cha ukarabati kilichopo ukingoni. Mhandisi huyo hana silaha, kwa hiyo kumfikisha kibandani salama ni vita vyake vyenyewe. *Company of Heroes* (2006) nayo ina madaraja yanayoweza kuangushwa, na wahandisi wanaoweza kuyarudisha. Katika kanuni hii uamuzi mgumu huanza kabla ya ujenzi. Anayelipua daraja amejifungia pia njia yake, na anayelikarabati amemfungulia adui. Vitenzi vinavyofaa ni *lipua*, *bomoa* na *karabati*. *Jenga* hakina nafasi, kwa sababu hakuna mahali papya panapoweza kuwekewa daraja.

Tofauti ya *vunjwa* na *vunjika* nayo ina faida hapa. "Daraja limevunjwa" hudokeza kwamba yupo aliyelivunja, na mchezaji humtafuta. "Daraja limevunjika" husema juu ya hali tu. *Company of Heroes 2* (2013), yenye mito iliyoganda katika uwanja wa vita wa Urusi, inahitaji kauli zote mbili. Barafu huweza *kuvunjika* kwa uzito, na huweza *kuvunjwa* kwa milipuko, na vifaru vilivyo juu yake huzama.

*Ya nne: daraja kama kazi ya mikono.* Katika *Lemmings* (1991), mchezo wa mafumbo unaodai mikakati, viumbe wadogo hutembea bila kusimama hata wakitumbukia shimoni. Mchezaji humteua mmoja wao awe mjenzi. Mjenzi huyo huweka vipande 12, kila kimoja juu kidogo ya kilichotangulia. Vikimwishia huinua mabega na kuendelea na safari. Kama ng'ambo bado haijafikiwa, mchezaji hana budi kuteua mjenzi tena upesi, na idadi ya uteuzi ina kikomo. Kinachojengwa huvusha kama daraja na hupanda kama ngazi. Maana mbili za kale na za sasa za neno *daraja*, kipandio na kivushio, zimekutana katika kitu kimoja, na hakuna neno la Kiswahili linaloweza kukifaa zaidi. Katika *Pikmin 3* (2013) kundi la viumbe hubeba vipande kimoja kimoja hadi daraja likamilike. Wakiwa wengi kazi huenda mbio, lakini walio kazini hawawezi kupigana wakati huohuo. Katika kanuni hii, *jenga daraja* ni amri sahihi kwa ukamilifu wake.

Mizizi ya kanuni hizi katika vita vya kweli

Tofauti zilizotajwa hazikubuniwa na watengenezaji wa michezo peke yao. Mwaka 55 kabla ya Kristo, Julius Caesar alijenga daraja la miti juu ya mto Rhine katika muda wa siku 10. Alikaa ng'ambo siku 18, akarudi, akalivunja. Alijua kwamba daraja linaloachwa nyuma ni mlango unaoachwa wazi.

Karibu miaka 2,000 baadaye, juu ya mto uleule, daraja la Ludendorff katika mji wa Remagen lilitekwa na Wamarekani tarehe 7 Machi 1945, baada ya jaribio la Wajerumani la kulilipua kushindwa. Lilianguka tarehe 17 mwezi huohuo, lakini wakati huo Wamarekani walikuwa wamekwisha kutandaza madaraja ya kuelea karibu nalo. Katika kisa hiki kimoja zimo kanuni mbili: daraja la kudumu linalogombaniwa na pande zote, na daraja la muda linalowavusha walioliweka. Mfasiri anayezichanganya kanuni hizi kwa neno moja anafuta tofauti ambayo makamanda waliipima kwa maisha ya watu.

Mwongozo wa matumizi

Kwanza, mchezo wenye madaraja ya kuvukia usitumie *daraja* kwa hatua za mchezo wala kwa vyeo vya askari. "Ukimaliza daraja la tatu utapata wahandisi" ni sentensi yenye maana mbili zilizo sawa kwa nguvu. Iandikwe "Ukimaliza *hatua* ya tatu", au "Ukimaliza *kujenga daraja* la tatu", kulingana na kinachokusudiwa. Vivyo hivyo, "Kikosi kimepanda daraja" huweza kumfanya mchezaji akitafute mtoni kikosi kilichopandishwa cheo kambini. Iandikwe "Kikosi kimepanda *cheo*".

Pili, *daraja* litumike kwa kitu kinachobaki mahali pake baada ya aliyekiweka kuondoka. Kinachoondoka na watu wake kiitwe *ulalo*, au kielezwe kwa kitenzi *vusha*. Kinachoelea juu ya maji kiitwe *daraja la kuelea*.

Tatu, *kivuko* kiwe mahali penye asili ya kuvukika. Mto ambao hauna mahali hapo uelezwe wazi: "Mto huu *hauvukiki* kwa miguu." Kauli ya kutendeka ni fupi, haimtaji mtendaji, na inamwachia mchezaji swali ambalo mchezo unataka ajiulize.

Nne, kizuizi chenyewe kitofautishwe. *Kizuizi* kinafaa kwa kila kinachozuia njia, kama mto, ukuta au handaki. *Kikwazo* kinafaa zaidi kwa kinachochelewesha bila kufunga njia. Mto wa *Civilization V* ni kikwazo, maana kikosi huuvuka kwa kupoteza mwendo. Mto uliolipuliwa daraja katika *Red Alert 2* ni kizuizi kwa vikosi vinavyokwenda nchi kavu, hadi mhandisi afike kibandani.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mchezaji anayesoma kanuni kwa Kiswahili kabla ya pambano bado hajayafika maji. Anategemea maneno yamweleze kina chake. Akiambiwa *huvusha*, atawalinda wahandisi wake kwa gharama yoyote. Akiambiwa *hujenga*, atawaondoa kazi ikiisha na kuwapeleka kwingine, na katika *Panzer General* uamuzi huo wa pili utaliacha jeshi lake zima upande usio wake wa mto.