Kilo 120 Nyuma ya Ekseli

Pikipiki ikifa injini Isansa, Mbozi, na fundi wa kijiweni akanyoosha mikono, safari ni ya mjini, Vwawa au Mlowo. Usafiri wa karibu mara nyingi ni gari dogo, Probox au mfano wake. Buti linafunguliwa, pikipiki inawekwa kwa kukingama, nusu ndani nusu nje, inafungwa kwa mipira ya tyubu. Wengine huchomelea keria ya chuma kwenye ndoano ya kuvutia tela. Dereva huuliza pikipiki ina kilo ngapi. Mimi ningeanza kuuliza kilo hizo zitakaa wapi.

Aliyewahi kubeba maji kwa mzegamzega anaijua fizikia hii begani. Ndoo ya nyuma ikizidi, ya mbele inapaa. Kwenye gari, bega ni ekseli ya nyuma.

Tupige hesabu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana kama mita 2.5. Weka pikipiki ya kilo 120, mita 1 nyuma ya ekseli: magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 48, ya nyuma yanaongezewa 168. Keria ya kilo 30 ikiisogeza hadi mita 1.25 nyuma ya ekseli, mbele pananyang'anywa kilo 75 na nyuma panabebeshwa 225. Ndoano nyingi za magari madogo hazikuundwa kukandamizwa hata kwa kilo 100.

Hizo kilo 75 zinauma kwa sababu magari mengi ya aina hii husukumwa na magurudumu ya mbele. Hayo hayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Panda mlima wa udongo mwekundu wa Mbozi baada ya mvua, tairi za mbele zitazunguka bure. Usukani nao utakuwa mwepesi kupita kiasi. Usiku taa zinaangalia juu na kumpofusha anayekuja. Na kwenye kona mkia unagoma kugeuka, kisha unagoma kusimama: umbali wa mzigo kutoka katikati ya gari ukiongezeka mara mbili, ugumu huo unaongezeka mara nne.

Buti lililo wazi lina hatari nyingine, nayo inanitisha kuliko zote. Gari likienda, hewa nyuma yake hujizungusha na kuvuta moshi wa ekzosi kurudi ndani. Moshi huo una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Abiria anasinzia, akidhani ni uchovu. Fungueni vioo vya mbele. Bora zaidi, tafuteni kirikuu, pikapu ndogo ambayo mzigo wake hukaa juu ya magurudumu. Kwa gari lolote, koki ya mafuta ya pikipiki ifungwe, petroli isivuje.

Mipira ya tyubu haifai. Gari likitoka shimoni kwa kishindo, kilo 120 zinaweza kuvuta kama 240 kwa sehemu ya sekunde. Mpira unanyumbuka, kisha unavuta kurudi, pikipiki inaanza kucheza na fundo linalegea. Tumia mikanda ya kukazia, kama ya madereva wa malori pale Tunduma: miwili mbele, miwili nyuma, kila mmoja ukivuta chini na pembeni, shokapu zibonyee kidogo tu.

Baada ya kilomita chache simama. Shika hendeli uitikise pikipiki kwa nguvu. Gari lote likitikisika nayo, endelea. Ikitikisika peke yake, kaza upya.