"Nyota Mpya" Isiyo Mpya: Mng'aro wa T Coronae Borealis na Suala la Istilahi

T Coronae Borealis ni nyota maradufu, yaani nyota mbili zinazozungukana katika siku 228 hivi: moja ni jitu jekundu, nyingine ni kibete cheupe. Kwa kuwa zimekaribiana mno, gesi ya jitu huvutwa na kibete na kurundikana usoni pake. Joto na mgandamizo vikizidi, haidrojeni hiyo hulipuka kinyuklia, na nyota isiyoonekana kwa macho matupu hung'aa ghafla kwa siku chache. Ndivyo ilivyoshuhudiwa mwaka 1866 na 1946. Mlipuko wa 1946 ulitanguliwa na kufifia. Mwaka 2023 nyota hiyo ilififia tena, wanaastronomia wakatarajia mlipuko mwingine.

Tukio hili huitwa nova, neno la Kilatini lenye maana ya "mpya". Tafsiri sisisi "nyota mpya" humpotosha mwanafunzi, kwani hakuna nyota iliyozaliwa. Kibete kilikuwapo kabla ya mlipuko na hubaki baada yake. Kwa waandaaji wa kamusi na mitaala, ni heri kulitohoa neno nova na kulifafanua kuwa ni mlipuko wa usoni pa kibete cheupe. Istilahi ya sayansi haina budi kufuata kinachotendeka, si asili ya neno.