Kozi Fupi Haimfanyi Mtu Kuwa Mnasihi

Swali ambalo wataalamu wa afya ya akili nchini Tanzania na Kenya huulizwa na vijana wanaotamani kuajiriwa na asasi zisizo za kiserikali ni lile lile kila mara: ni kozi gani fupi ya unasihi itakayompa mtu kazi? Swali hilo lina kasoro tangu msingi wake, kwa kuwa linachukulia kwamba moyo wa huruma na cheti cha wiki chache vinatosha kumkabidhi mtu maisha ya mwenzake aliyeelemewa, jambo ambalo hakuna anayethubutu kulidai kuhusu ukunga wala upasuaji.

Watetezi wa kozi fupi hupenda kutaja Benchi la Urafiki la Zimbabwe, mpango ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari bingwa wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, ambamo akina bibi huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Mfano huo ni wa kweli, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukihusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioketi benchini kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Tatizo ni kwamba mfano huo husomwa nusu. Wanawake hao walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jiji; walitumia dodoso lililothibitishwa kuwatambua wanaohitaji msaada; walifundishwa njia moja tu, yaani tiba ya utatuzi wa matatizo, ambayo humwongoza mgonjwa kuyataja matatizo yake, kuchagua moja na kulipangia hatua; vikao vya mtu mmoja mmoja havikuzidi sita; nao walisimamiwa na wataalamu, ambao pia ndio waliopokea rufaa za wenye hatari ya kujiua. Hali ilikuwa hivyo hivyo Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha mafanikio ya tiba ya vikundi iliyoongozwa na wenyeji wasio wataalamu: walifundishwa njia mahususi, wakaifuata, wakasimamiwa. Kilichothibitishwa katika nchi zote mbili ni uwezo wa mfumo mzima, ambao hauwezi kusimama pasipo watu waliosoma kwa miaka wakaweza kuubuni, kufundisha, kusimamia na kupokea rufaa.

Madhara ya kulipuuza hilo yanajulikana. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba manusura wa ajali au ukatili akishurutishwa kusimulia yote yaliyompata katika kikao kimoja, mara tu baada ya tukio, atakingwa na madhara ya baadaye. Tafiti zilipofanywa, zilikuta kwamba kikao hicho hakimkingi na kwamba baadhi ya watu huzidi kuumia, na Shirika la Afya Duniani likashauri kisitumiwe. Vilevile, mtu anayeweweseka anaweza kuwa na malaria kali, naye aliyefundishwa kuzungumza tu ataendelea kuzungumza naye huku saa za kuokoa maisha zikipita. Haishangazi, basi, kwamba Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayotaka wanaotoa huduma hiyo wasajiliwe. Hata shahada ya kwanza ya saikolojia, ambayo wengi huidhania kuwa ruhusa ya kutibu, ni mlango wa kuingilia tu.

Njia zenyewe si ngumu kuzitaja. Anayetaka kutibu kwa mazungumzo asome saikolojia kisha shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, inayofundishwa katika chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, miongoni mwa vyuo vingine. Anayetaka kugusa pia dawa na mwili aanze na uuguzi au utabibu kisha abobee katika afya ya akili, kama inavyowezekana katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC). Anayevutwa na familia, umaskini na haki asome ustawi wa jamii, ambao una taasisi yake Dar es Salaam tangu mwaka 1973. Na anayependa kupanga miradi, bajeti na tathmini asome afya ya jamii au maendeleo, kwa sababu sehemu kubwa ya ajira za asasi ni hizo, wala hazimtaki mtu ajifanye mtabibu. Kozi fupi ibaki kuwa nyongeza kwa mwenye taaluma, au kwa anayejitolea chini ya msimamizi.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji ahakikishe kwamba programu inatambuliwa na mamlaka husika, kama Tume ya Vyuo Vikuu kwa upande wa Tanzania, aulize mazoezi ya vitendo hufanyika wapi na husimamiwa na nani, kisha adai kuelezwa kwa maandishi mhitimu anaruhusiwa kufanya kazi gani. Chuo kisichoweza kumtaja msimamizi wa mazoezi hakistahili ada hiyo, hata kama cheti chake hutolewa kwa wiki mbili.