Gitaa Linaloumiza Vidole: Jinsi ya Kurekebisha Nyuzi Zilizo Juu Mno

Vikundi vingi vya vijana na kwaya hununua gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, kwa pesa za michango. Baada ya miezi michache gitaa linaning'inia ukutani. Ukiuliza, utaambiwa, "Vijana wetu hawana kipaji." Mara nyingi shida si kipaji. Nyuzi zimekaa juu mno, na mwanafunzi akizikandamiza vidole vinauma hata anakata tamaa. Pesa za kikundi zimelala bure.

Hapa Ijara fundi wa magitaa hapatikani kirahisi, na kwenda Garissa mjini ni nauli na siku nzima. Lakini kazi hii kikundi chaweza kuifanya chenyewe kwa rula, msasa na subira.

Sehemu za kujua

Kwenye shingo ya gitaa kuna vyuma vyembamba vilivyolazwa kwa upana. Wapigaji huviita freti. Vihesabu kuanzia upande wa kichwa. Pale kichwani nyuzi hupita juu ya kipande cheupe chenye mikato sita. Tutakiita mfupa wa juu. Upande wa tumbo kuna daraja lililogundishwa kwenye ubao, na ndani yake kipande kingine cheupe. Hicho tutakiita mfupa wa chini.

Pima kwanza

Kaza nyuzi mpaka sauti zake ziwe sawa. Sasa pima nafasi kati ya chuma cha 12 na upande wa chini wa uzi. Angalia rula yako: nyingi za shule zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Ikwangue mpaka sifuri iwe ukingoni kabisa.

Vipimo vinavyofaa ni hivi:
- Nyuzi za chuma: uzi mnene kama milimita 2.5, uzi mwembamba kama milimita 2.
- Nyuzi za nailoni: uzi mnene kama milimita 4, uzi mwembamba kama milimita 3.

Zikizidi sana, vidole vitaumia. Zikiwa chini mno, nyuzi zitagonga vyuma na sauti itakwaruza. Andikeni vipimo katika daftari la kikundi kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 1: Shingo

Kandamiza uzi mnene kwenye chuma cha 1 na cha 14 kwa wakati mmoja. Tazama katikati, karibu na chuma cha 7. Panapaswa kuwa na nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi mbili au tatu za kawaida. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele.

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana nondo ndani ya shingo. Inazungushwa kwa ile spana ndogo ya L ambayo mafundi huiita alenki. Kuikaza kwa upande wa kulia hunyoosha shingo. Kuilegeza kushoto huiachia ipinde kidogo. Zungusha robo tu, kaza nyuzi tena, kisha pima. Ikiwa nondo ni ngumu, acha! Ikikatika, gharama yake yaweza kuzidi bei ya gitaa. Magitaa mengi ya nailoni hayana nondo hii, basi pita hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Mfupa wa juu

Kandamiza uzi kati ya chuma cha 2 na cha 3. Tazama juu ya chuma cha 1. Uzi uwe karibu kugusa, ubaki na nafasi ya karatasi moja nyembamba. Nafasi ikizidi hapo, chonga mkato kidogo kwa tupa nyembamba, ukiuinamisha kuelekea kichwani. Umechonga kupita kiasi? Jaza mkato kwa unga wa mfupa na supaglu, uache ukauke, uanze tena.

Hatua ya 3: Mfupa wa chini

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Chuma cha 12 kiko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita 1 pale, lazima uondoe milimita 2 kwenye mfupa wa chini. Legeza nyuzi, toa mfupa, piga mstari wa penseli. Weka msasa juu ya kioo au meza iliyonyooka, usugue upande wa chini wa mfupa, si wa juu. Sugua kidogo, rudisha, kaza, pima. Haba na haba! Kilichoondolewa hakirudi. Mfupa ubaki umetokeza juu ya daraja angalau milimita 2.

Ukiharibika, hatukosi mifupa katika nchi hii ya ng'ombe. Chukua mfupa mnene wa mguu, usafishe mafuta kwa maji ya sabuni, uanike ukauke kabisa, kisha ukate kwa msumeno wa chuma na usugue utoshee.

Usisugue chochote kama daraja limeanza kubanduka au tumbo la gitaa limevimba. Hiyo ni kazi ya gundi na fundi. Chanzo kimoja cha hali hiyo ni kuweka nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Za nailoni kama kilo 40 tu.

Jua na mvua

Mbao hunywa unyevu. Wakati wa mvua ubao huvimba na nyuzi hupanda. Wakati wa jilaal hukauka, nyuzi hushuka na zaweza kukwaruza. Kwa hiyo pimeni tena kila msimu kabla ya kusugua. Msitundike gitaa kwenye ukuta wa mabati wala kuliacha juani: joto hulegeza gundi. Wakati wa ukame, wekeni kwenye mfuko wa gitaa kisahani cha sabuni chenye matundu, na ndani yake sponji yenye unyevu kidogo, isiyodondosha maji.

Kikundi kichague mtu mmoja wa kutunza gitaa na daftari. Akishazoea, anaweza kuhudumia magitaa ya shule na makanisa ya jirani kwa malipo kidogo yatakayoingia mfukoni mwa kikundi.

Maswali ya kujadili
1. Gitaa letu lina nyuzi za aina gani, na vipimo vyake ni vipi leo?
2. Linawekwa wapi mchana, jua linapokuwa kali?
3. Ni nani aliyeacha kujifunza kwa sababu ya maumivu ya vidole? Je, tumwite tena ajaribu?