Herufi Nene Zinapoficha Habari

Wiki hii nina jambo ambalo wengi wetu hatulitilii maanani, nalo ni umbo la herufi tunazosoma kila siku.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya kusoma matangazo ya vifo. Tangazo moja liliingia kwa faksi. Familia ilikuwa imelichapisha katika duka la stesheneri kwa herufi nene za kisasa, zile zisizo na vijimkia kwenye ncha, kwa imani kwamba unene ungerahisisha usomaji. Nikatangaza kuwa maziko ni saa 8 mchana. Kumbe yalikuwa saa 6. Uwazi wa juu wa tarakimu 6 ulikuwa umezibwa na wino, ikaonekana 8. Jioni kaka wa marehemu alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba shangazi yao, baada ya kunisikia, aliliacha basi la kwanza akapanda la pili, akakuta kaburi limeshafukiwa.

Tangu siku hiyo naziangalia herufi kwa jicho jingine.

Katika ukoo wa herufi hizo, iliyo mashuhuri kupita nyingi ni Futura. Iliundwa na Mjerumani Paul Renner, na ikatolewa mwaka 1927 na kiwanda cha Bauer cha mjini Frankfurt, kilichokuwa kikisubu herufi za risasi kwa ajili ya wapigachapa. Wakati huo vitabu na magazeti mengi ya Ujerumani yalichapwa kwa herufi za Kigothi, zenye pembe kali na madoido ya kalamu. Renner alitaka herufi za zama za mashine, zilizojengwa kwa duara, mraba na pembetatu. Tazama O yake, ni kama sahani. Tazama A, ni paa la nyumba.

Lakini bikari na rula peke yake havikutosha, kwa sababu jicho la binadamu hudanganyika. Duara lenye kimo sawa na mraba huonekana dogo kuliko mraba huo, kwa hiyo O huzidishwa kidogo juu na chini ya mstari. Mstari wa kulala wenye unene sawa na wa kusimama huonekana mnene zaidi, kwa hiyo hupunguzwa. Na pale duara linapokutana na mguu, kama katika b au d, wino ungerundikana, kwa hiyo hapo pia hupunguzwa. Msomaji anaona jiometri, kumbe jicho la fundi limeisahihisha kila mahali.

Renner mwenyewe hakustarehe. Mwaka 1932 alitoa kijitabu cha kuupinga msimamo wa Wanazi juu ya sanaa. Walipotwaa madaraka mwaka 1933 alikamatwa, akaondolewa katika uongozi wa chuo cha uchapaji mjini Munich. Herufi zake hazikukamatika. Mwezi Julai 1969 wanaanga wa Marekani wa chombo cha Apollo 11 waliacha mwezini kibao cha chuma chenye maandishi ya Futura. Na hapa mjini, ukimwona kijana amevaa fulana yenye kisanduku chekundu na neno Supreme kwa herufi nyeupe, hiyo ni Futura nzito iliyoinamishwa.

Mifano hiyo ina jambo moja la pamoja: maneno ni machache. Herufi nene hufaa kuita watu kutoka mbali, kama muuza samaki anayepaza sauti mtaani. Kwa maelezo marefu ni shida. Jicho huitambua herufi kwa weusi wake na pia kwa weupe uliomo ndani yake. Kadiri herufi inavyonenepa, ndivyo weupe huo unavyopungua. Ukiipitisha kwenye faksi, au ukiitoa kivuli mara tatu, hubaki madoa meusi.

Futura ina mtego mwingine. Herufi yake ndogo a ni duara lenye kijiti pembeni, kwa hiyo katika karatasi iliyofifia ‘hapa’ huweza kusomwa ‘hapo’. Herufi kubwa I na ndogo l zote ni vijiti vitupu vilivyopishana urefu kidogo tu. Andika neno Ilala uone. Katika bango la tamasha hakuna atakayeumia. Katika cheti cha dawa, notisi ya mahakama au tangazo la msiba, yupo atakayeumia.

Sisemi herufi nene zipigwe marufuku. Nasema ziachwe kwenye kichwa cha tangazo, na maelezo yawe kwa herufi za kawaida zenye nafasi ya kupumua. Saa na kipimo viandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia: saa 6, yaani saa sita mchana. Kabla ya kutoa nakala mia, toa moja, umpe mzee wa nyumbani aisome bila miwani.

Nami kosa langu nalikubali. Nilikuwa na namba ya simu ya familia mbele yangu, sikuipiga. Siku hizi naipiga kila mara, hata tarakimu ikiwa wazi kama mchana.